Mzee Si Maktaba: Masimulizi ya Maisha na Ufundishaji wa Uzee katika Idara za Fasihi

Hapana kauli iliyowafaa walimu wa fasihi simulizi wa Afrika Mashariki, na kuwapumbaza pia, kama ile inayonasibishwa na Amadou Hampâté Bâ wa Mali, kwamba mzee wa Kiafrika anapofariki huwa ni maktaba iliyoteketea. Ilipotolewa mbele ya UNESCO mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa hoja ya kishujaa. Ilielekezwa kwa mataifa yaliyoamini kwamba pasipo na wino hapana elimu, na ilidai kazi ifanywe kabla muda haujapita. Katika madarasa ya vyuo vikuu, hata hivyo, kauli hiyo imegeuka kuwa utaratibu wa kazi. Maktaba huendewa kwa ajili ya vitabu. Msomaji huingia, huazima, huondoka. Haimpitikii kuiuliza maktaba inaonaje kuwa maktaba, paa lake linavuja tangu lini, au ni kitabu gani ambacho isingependa kiazimwe.

Hivyo ndivyo mwanafunzi anavyomwendea mzee. Hutumwa kijijini akiwa na kinasa-sauti, ambacho siku hizi ni simu yake ya mkononi, pamoja na orodha ya tanzu anazotakiwa kuzikusanya. Hurudi na ngano nne, vitendawili ishirini, methali thelathini, na nyimbo mbili zilizokatwa katikati kwa sababu fanani alianza "kutoka nje ya mada". Juu ya kila matini huwapo jedwali dogo lenye jina la fanani, jinsia, kijiji na umri. Makala haya yanadai kwamba tarakimu hiyo ya umri, ambayo aghalabu ni ya kukisia, ndiyo yote ambayo mwanafunzi hujifunza kuhusu uzee. Kwamba huko "nje ya mada" ndiko mada ilikokuwa. Na kwamba lawama si ya mwanafunzi, bali ni ya idara inayompa alama kwa kuhesabu vitendawili.

Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, ni mahali pafaapo kuupimia upofu huu. Kituo hicho, kilichopewa jina la afisa wa Kiingereza Trevor Ternan, kiko kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Wanazuoni wa dunia wanakifahamu kwa sababu nyingine. Mwaka 1961, katika shamba la mlowezi Fred Wicker, Louis Leakey na wasaidizi wake walipata vipande vya taya la kiumbe kilichoishi takriban miaka milioni 14 iliyopita, na mwaka uliofuata Leakey akakiita Kenyapithecus wickeri. Meno ya kiumbe hicho yamepimwa kwa milimita. Kuchakaa kwake kumejadiliwa, na kutokana na kuchakaa huko wataalamu wamekisia alikula nini na aliishi vipi. Hakuna ubaya katika kazi hiyo; ni elimu ya kustahiwa. Lakini yaelekea ni rahisi zaidi kwa msomi kushuka kwenye stesheni ya Fort Ternan na kuulizia jino lililochakaa zamani hizo kuliko kuketi na mtu ambaye meno yake yamechakaa katika uhai wake mwenyewe, na ambaye anaweza kueleza yalichakaliaje.

Achukuliwe, kwa mfano, bibi kizee mmoja wa eneo hilo. Si mtu maalumu. Ametungwa hapa kutokana na mambo yanayofahamika kuhusu nchi ile. Aliambiwa na mama yake kwamba alizaliwa wakati baba yake alipokuwa Burma na jeshi la Mwingereza, yaani karibu na mwaka 1944. Wanaume wa Kenya walikuwa na kipande tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanawake hawakuandikishwa hadi miaka ya 1970 ilipokuwa ikimalizika. Alipofika mbele ya karani hakuwa na cheti chochote cha kuzaliwa. Karani akamtazama usoni, akamwona bado ana nguvu, akaandika 1952. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kuwalipa Sh 2,000 kwa mwezi watu wote waliotimiza miaka 70, bibi huyu alikuwa na miaka 74 katika kumbukumbu ya mama yake na 66 katika daftari la serikali. Alingoja miaka 4, ambayo ni Sh 96,000, kwa sababu siku moja alionekana kijana.

Mwanafunzi akimwuliza, "Kogo, una miaka mingapi?", jawabu kamili la swali hilo ni kisa chote hicho: baba aliyekwenda Burma, mama aliyehesabu kwa kuondoka na kurudi kwa mumewe, karani na jicho lake, na miaka minne ya kwenda ofisini na kurudi mikono mitupu. Ni kisa chenye muundo, wahusika, kejeli na mgogoro. Mwanafunzi, kwa kuwa jedwali lake lina nafasi ya tarakimu mbili, anaandika 73.

Ndipo linapozuka swali la msingi la uhakiki. Je, masimulizi kama hayo ni fasihi? Wako walimu wanaosema kwamba ni mali ya idara ya historia, au ya sosholojia, na kwamba mwanafunzi wa fasihi akiyashughulikia atakuwa ameacha mbachao kwa msala upitao. Hoja hii inashangaza ikitoka kwa watu wanaofundisha uainishaji wa M. M. Mulokozi. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika, Mulokozi aliigawa masimulizi katika hadithi na salua, na chini ya salua akaweka visakale, mapisi, tarihi na kumbukumbu. Kumbukumbu zimo, basi, katika ramani ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huikariri. Huikariri tu. Hadithi hupewa mihula mizima. Kumbukumbu hupewa aya moja, kisha mwalimu huharakia maigizo. Aidha, Mulokozi huyohuyo alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, linalofungamana na fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Ni nani anayeweza kumchambua fanani wa miaka themanini kama tukio, huku akiufuta mwili wake, pumzi yake na miaka yake?

Historia ya somo lenyewe inaeleza kwa nini ilitokea hivyo. Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai mwaka 1968 kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kiiweke Afrika katikati ya mafunzo ya fasihi, fasihi simulizi ilihitaji kuthibitisha kwamba ina tanzu zake, kama fasihi andishi ilivyo na riwaya, tamthilia na ushairi. Makusanyo yaliyofuata, kama vile ya Naomi Kipury kuhusu Wamaasai (1983) na ya Ciarunji Chesaina kuhusu Wakalenjin (1991), yalijengwa juu ya hitaji hilo, na yalifanya kazi ambayo bila yayo leo pasingekuwa na cha kubishania. Ila kilichokuwa mbinu ya vita kimeachwa kikageuka sheria wakati wa amani. Utanzu umekuwa na thamani kuliko mtu anayeutamka.

Hata pale masimulizi ya maisha yanaposomwa kwa sababu yamechapishwa, uzee huchujwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, nayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 1905. Matini hiyo husomwa kwa ajili ya misafara, pembe na watumwa. Ni nadra kuulizwa kwa nini mtu aliyekwisha kustaafu Unguja, ambaye dola yake ya Manyema ilikuwa imekwenda na maji, alichagua kuhesabu tena kila frasila na kila deni. Swali hilo ni la uzee, na ni la fani: orodha na hesabu ndizo zilizomsaidia kuushika ulimwengu uliokuwa umemponyoka.

Kwa upande wa pili yupo Shaaban Robert. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ndiyo tawasifu inayofundishwa zaidi katika idara za Kiswahili, na wanafunzi wengi hutoka humo wakiamini kwamba wamesoma maisha yaliyokamilika hadi uzeeni. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Hakuujua ushaibu. Si aibu yake kwamba hakuishi zaidi, lakini ni ajabu kwamba somo zima la tawasifu limeegemezwa kwa mtu aliyefika mlangoni tu.

Kitabu ambacho kingeweza kurekebisha hali hii kipo tangu mwaka 1991. Ni masimulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy wa Mombasa, yaliyohaririwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili chenyewe, lugha ambayo wasimulizi waliitumia. Wanawake watatu, mji mmoja, nasaba na hadhi tofauti. Kwa kawaida hutajwa katika mihadhara ya utumwa, ya unyago na ya vyama vya ngoma, na humo yanastahili kutajwa. Lakini yangefaa kuwekwa kwanza mbele ya darasa kwa swali jingine: je, mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ya wenye watumwa anazeeka sawa na yule ambaye ukoo wake ulitoka utumwani? Ni nani anayeweza kusema "zamani" kwa fahari, na ni nani anayelitamka neno hilo kwa tahadhari?

Kuna pingamizi la pili, nalo hutolewa kwa sauti ya kisayansi: kumbukumbu za wazee haziaminiki. Wanachanganya miaka, wanarudiarudia, wanasahau. Alessandro Portelli alikwisha kulijibu vizuri. Katika mji wa Terni, Italia, mfanyakazi Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kuipinga NATO. Wasimulizi wengi walikisogeza kifo hicho hadi mwaka 1953, wakati wa ghasia za kufukuzwa kazi. Portelli hakuwaita wasahaulifu. Alionyesha kwamba kosa la tarehe lilikuwa tafsiri: kifo kilihamishiwa mahali ambapo kingekuwa na maana kubwa zaidi kwa walioishi nacho. Mhakiki wa fasihi, kuliko mtu yeyote, ndiye anayepaswa kuifahamu kazi ya namna hiyo, maana ndiyo kazi ya ploti.

Kuhusu kurudiarudia, unafiki ni mkubwa zaidi. Mshairi akirudia mstari, mhakiki huandika "takriri" na kueleza jinsi inavyotia mkazo na kujenga mahadhi. Ajuza akirudia kisa kilekile mara tatu katika alasiri moja, mwanafunzi hubonyeza kitufe na kuzima simu. Laiti angeendelea kunasa! Kisa kinachosimuliwa mara ya tatu si kile cha mara ya kwanza: kimepungua hapa, kimeongezewa pale, mtu fulani amepewa jina ambalo mwanzoni hakupewa. Pengine msimulizi alikuwa akimpima msikilizaji kabla ya kumwambia sehemu iliyo nzito.

Sehemu nzito zipo, na Fort Ternan inazijua. Ni nchi ya mpakani. Upande wa Muhoroni na Koru wako Waluo na mashamba ya miwa. Kaskazini wako Wanandi. Na baada ya uhuru watu wa jamii mbalimbali walipata ardhi katika mashamba yaliyoachwa na walowezi. Mapigano yaliyozuka katika shamba la Meteitei, Nandi, mwezi Oktoba 1991 yalienea hadi sehemu za Kipkelion, na mwaka 1992 Kamati Teule ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku iliyachunguza. Mzee wa eneo hilo akisimulia maisha yake anaweza kutoka 1990 akaingia 1994 bila kuvuta pumzi. Ripoti ya kamati haiwezi kumfundisha mwanafunzi jinsi ya kuusoma mruko huo. Huenda alikimbia, huenda alibaki na kumwona jirani akikimbia, huenda jirani huyo alirudi, na wote wawili wamezeekea pande mbili za ua mmoja. Kimya hicho ni sehemu ya matini, na anayekijaza kwa maswali ya papara hufanya uharibifu, mbali na hatari anayoweza kumletea msimulizi. Ndiyo maana idara haina ruhusa ya kumtuma kijana huko kwa siku mbili akiwa na hojaji.

Yafaa iongezwe kwamba si wasomi peke yao wanaowageuza wazee ghala. Ukoo wa Talai wa Wakipsigis ulihamishiwa Gwassi kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1934, na waliosalia hawakurudi hadi karibu na uhuru. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai waliwasilisha madai dhidi ya Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Madai hayo ni ya haki kusikilizwa, na kumbukumbu za wazee ni nguzo yake. Hata hivyo wakili humhitaji mzee kama shahidi wa ekari, tarehe na mijeledi. Mtoto aliyekulia uhamishoni alizeekaje? Alizoeaje ardhi ya kurudishiwa ambayo hakuikumbuka? Hayo hayamhusu wakili. Yasipomhusu mwanafunzi wa fasihi hayatamhusu mtu yeyote.

Baadhi ya watetezi wa wazee nao hupotosha kwa njia ya sifa. Darasani uzee hufundishwa kwa methali: utu uzima dawa, penye wazee haliharibiki neno, kuishi kwingi ni kuona mengi. Kisha darasa hilohilo hufungua Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), likamkuta Bi Farashuu, ajuza ambaye kisasi chake kwa Maksuudi kinatokana na maafa ya bintiye, na likaandika "sifa za mhusika: mjanja, katili". Busara tupu au uchawi mtupu, hakuna kati. Lugha yenyewe inashiriki. "Mzee" ni cheo ambacho meneja wa miaka arobaini huitwa na karani wake, ilhali "shaibu" na "ajuza" yamekaribia kuwa matusi.

Masimulizi ya maisha huvunja pande zote mbili. Miongoni mwa Wakipsigis mwanamume hazeeki peke yake, huzeeka na rika lake. Na majina ya marika, kama Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na Nyongi, huzunguka, hata jina lililobebwa na babu wa babu likawarudia vijana baada ya karne moja hivi. Mtoto mchanga naye hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo hadi apige chafya. Mtu anayezeeka ndani ya mpango huo ana habari kwamba jina lake lina safari nyingine. Hilo halimwondolei maumivu ya goti, lakini linambadilishia wakati wa vitenzi katika usemi wake. Kusini kidogo, kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, uzee umekuwa na saa nyingine kabisa: uzito wa majani jioni mbele ya mizani, ukipungua mwaka hata mwaka, hadi siku ya kustaafu, ambapo mchuma chai hurudisha na ufunguo wa nyumba, kwa kuwa nyumba ni ya kazi. Watu wawili wenye umri mmoja, walioachana kwa vilima vichache, hawana uzee mmoja. Hakuna methali inayoweza kumwonyesha mwanafunzi tofauti hiyo.

Wala gerontolojia pekee haiwezi. Ni kweli kwamba Robert Butler, daktari wa Marekani, aliwatetea wazee mwaka 1963 aliposema kuwa kuyapitia upya maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida ya nafsi inayokaribia mwisho, si dalili ya akili kuchoka. Ni kweli pia kwamba sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na kwamba Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inawaahidi heshima na matunzo. Mwanafunzi ayajue hayo. Lakini Butler alieleza kwa nini mzee husimulia. Jinsi anavyosimulia, na kwa nani, aliwaachia wengine.

Kwa nani: hapo ndipo pa kukaziwa. Mwanafunzi akisema "kogo", yaani bibi, hajatumia neno la adabu tu. Ameingia katika nafasi ya mjukuu, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mjukuu huambiwa kwa utani mambo ambayo mwana wa kuzaa hawezi kuyasikia. Ng'ambo ya mpaka, kwa Waluo, David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameandika juu ya pim, mwanamke mzee aliyelea watoto wa boma na kuwafundisha usiku katika siwindhe. Vizazi vilipata kwake ngano, nasaba na adabu. Maisha yake mwenyewe, ambaye mara nyingi alikuwa ametoka mbali, hayakubakia katika masimulizi aliyowarithisha. Vyuo vikuu vimerudia kosa la wajukuu hao, tena kwa ruzuku ya utafiti.

Marekebisho hayahitaji fedha nyingi. Mwanafunzi apewe mzee mmoja kwa mwaka mzima badala ya wazee kumi kwa wiki moja. Aende mara sita au saba, mara ya kwanza bila kinasa-sauti. Anukuu kila neno katika lugha ya msimulizi, pamoja na marudio, kikohozi na mahali ambapo mjukuu aliingia kuomba chumvi, kisha ndipo atafsiri kwa Kiswahili na kueleza ni wapi tafsiri ilimshinda. Nakala irudi kwa mwenye maisha, asomewe, na awe na haki ya kufuta. Jina lake lisitokee pasipo ridhaa. Jedwali la umri liondolewe, na mahali pake paandikwe, kwa maneno yake, jinsi anavyohesabu. Na mtihani wa mwisho, badala ya kudai mifano mitano ya kila utanzu, uulize kwa nini msimulizi alikirudia kisa kile mara tatu, na mara ya tatu alikiachia wapi.